Linux ni bure, lakini kuipanga bado ni ghali vijijini

TAREHE 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma zake kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa umedumu kwa miaka kumi katika kompyuta za mezani na kompyuta mpakato duniani kote. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka kama kawaida, ila hazipokei tena marekebisho ya usalama, isipokuwa zile zilizoandikishwa katika mpango wa nyongeza ambao kwa wateja binafsi uliwekewa kikomo cha Oktoba 2026.

Mrithi wake, Windows 11, aliyetoka mwaka 2021, ana masharti magumu. Anadai kompyuta iwe na kifaa maalumu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kichakataji ambacho kwa sehemu kubwa kilitengenezwa kuanzia miaka ya 2017 na 2018. Ni dhahiri kwamba masharti hayo yanaziacha nje kompyuta nyingi zilizotumika ambazo huingia nchini kutoka ng'ambo, huuzwa Kariakoo, na hatimaye husafirishwa kwa basi hadi mikoani.

Kwa ofisi kubwa za mijini, hilo ni suala la bajeti ya mwaka mmoja au miwili. Kwa kata kama Namswea, wilayani Mbinga mkoani Ruvuma, ni suala zito zaidi. Mkoa wa Ruvuma uliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, baada ya kukamilika kwa njia ya kusafirisha umeme kutoka Makambako hadi Songea. Kabla ya hapo miji ya mkoa huo ilitegemea zaidi mitambo ya dizeli. Kwa maneno mengine, kompyuta ya shule, ya zahanati au ya chama cha msingi cha wakulima wa kahawa bado ni mgeni ambaye hajakaa sana, na tayari anaambiwa muda wake umekwisha.

Njia zilizobaki ni tatu. Ya kwanza ni kuendelea na mfumo wa zamani, huku kila flashi inayochomekwa ikiwa ni mlango wa virusi. Ya pili ni kununua kompyuta mpya. Ya tatu ni kuweka mfumo wa Linux, ambao ni programu huria, hauna ada ya leseni na hufanya kazi vizuri katika kompyuta ambazo Windows 11 imezikataa.

Njia hii ya tatu imekuwa ikihubiriwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Swali linalopaswa kuulizwa sasa ni kwa nini haijashika mizizi, na jibu lake halipo katika bei.

Lugha na bei vilishughulikiwa zamani

Itakumbukwa kuwa Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuzitafsiri Windows na Office kwa Kiswahili. Wakati huo ilidhaniwa kuwa kikwazo kikubwa cha Mtanzania mbele ya kompyuta ni lugha.

Oktoba 2004 ndipo pia lilipotoka toleo la kwanza la Ubuntu, mfumo wa Linux ulioasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kampuni yake, Canonical, ilianzisha utaratibu wa kutuma CD za mfumo huo kwa posta, bila malipo, kwa yeyote aliyeomba popote duniani. Utaratibu huo uliendelea hadi mwaka 2011. Hivyo suala la bei nalo, na hata la kasi ndogo ya intaneti, lilikuwa limepatiwa jibu la aina yake.

Pamoja na hayo yote, Linux ya mezani ilibaki kuwa mali ya wachache. Sababu inaonekana pale mtu anapomaliza kuiweka katika kompyuta. Kuweka mfumo wenyewe huchukua chini ya saa moja. Kazi inayofuata ndiyo ndefu.

Printa lazima itambuliwe, na karatasi ibadilishwe kutoka kipimo cha Letter cha Marekani kwenda A4, la sivyo barua zitakatwa pembeni. Saa za eneo ziwekwe kuwa za Dar es Salaam. Tarehe na sarafu zifuate desturi ya Tanzania, jambo linalowezekana kwa kuwa Linux ina mpangilio wa Kiswahili cha Tanzania. Kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, ambayo ipo tayari, ipakuliwe. LibreOffice, programu iliyozaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010, ielekezwe kuhifadhi faili kwa namna ambayo mwenye Word ataweza kuzifungua. Modemu ya simu ifanye kazi. Akaunti za wanafunzi zitenganishwe na ya mwalimu.

Hakuna kati ya hayo lililo gumu kwa anayejua. Lakini ikiwa kompyuta moja itachukua saa tatu, chumba chenye kompyuta 20 kitachukua saa 60, yaani wiki moja na nusu ya kazi ya fundi mmoja. Shule ya kata jirani ikitaka kufanya vivyo hivyo, itaanza upya kutoka mwanzo. Hapo ndipo mfumo wa bure unapogeuka kuwa wa ghali.

Maarifa yanapohamishwa pamoja na mwalimu

Gharama kubwa zaidi huja baadaye. Katika shule nyingi za vijijini kompyuta husimamiwa na mwalimu mmoja mwenye mapenzi na kazi hiyo. Ndiye ajuaye nywila, ajuaye kwa nini printa inakataa, na aliyewahi kuhangaika usiku mzima hadi modemu ikakubali. Mwalimu huyo akipata uhamisho, anaondoka na yote hayo kichwani mwake. Kinachobaki ni vifaa, na baada ya muhula mmoja au miwili vifaa hivyo hufunikwa vitambaa.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali na wafadhili wamekuwa wakihesabu kompyuta zinazogawiwa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, ni miongoni mwa wanaozipeleka shuleni. Leja ya mali huandika idadi ya kompyuta na namba zake. Haiandiki namna zilivyopangwa, ilhali bila mpangilio huo kompyuta haina tofauti na sanduku.

Hili ndilo tatizo ambalo wataalamu wa Linux duniani wamekuwa wakilishughulikia kwa muda mrefu, na zana walizozitengeneza zimefikia kiwango ambacho fundi wa wilayani anaweza kuzitumia. Kwa ufupi, zipo za namna tatu.

Namna ya kwanza ni kunakili diski nzima. Kompyuta moja hupangwa hadi ikamilike, kisha programu kama Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan, huchukua picha ya diski yake na kuihamishia katika kompyuta nyingine. Kila inayopokea huwa sawasawa na ile ya kwanza.

Namna ya pili ni faili la majibu. Wakati wa kuwekwa, Linux huuliza maswali: lugha gani, saa za wapi, diski igawanywe vipi, programu zipi ziongezwe. Majibu yote huandikwa mapema katika faili moja la maandishi, na kompyuta hujisomea yenyewe. Debian, Red Hat na Ubuntu, kila mmoja una utaratibu wake wa aina hiyo.

Namna ya tatu ni maelekezo yaliyoandikwa. Zana kama Ansible, iliyoanza mwaka 2012, husoma orodha ya mambo ambayo kompyuta inapaswa kuwa nayo, hukagua kilichopo na kurekebisha kinachokosekana. Mfumo wa NixOS, uliotokana na kazi iliyoanzishwa na Eelco Dolstra nchini Uholanzi mwaka 2003, huenda mbali zaidi. Kompyuta nzima huelezwa katika faili, na badiliko likiharibu kitu, mtumiaji huiwasha upya na kuchagua mpangilio wa jana.

Somo la kikonyo na la ngoro

Tofauti ya namna hizo si ngeni kwa mkulima wa Mbinga. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ina kituo Ugano wilayani humo. Aina bora za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani huzalishwa kwa vikonyo kutoka bustani mama, ili kila mche ufanane na mama yake. Kunakili diski ni kazi ya vikonyo. Ni haraka, na matokeo yake yanajulikana kabla. Udhaifu wake ni kwamba nakala hubeba kila kitu, pamoja na makosa, na haiulizi shamba jipya likoje. Kompyuta yenye kadi tofauti ya skrini au printa tofauti inaweza kugoma.

Maelekezo yaliyoandikwa yanafanana zaidi na ngoro, kilimo cha mashimo cha Wamatengo. Majani hukatwa na kupangwa kwa mistari inayokatana na kufanya miraba, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Mashimo hushika maji ya mvua na kuzuia udongo kuporomoka. Hakuna aliyewahi kubeba ngoro kutoka mlima mmoja kwenda mwingine. Kilichosafiri ni utaratibu wenyewe, na kila mwenye shamba aliufuata kulingana na mteremko wake. Faili la maelekezo hufanya hivyohivyo. Shule yenye kompyuta za Dell na shule yenye kompyuta za HP zinaweza kufuata orodha moja na kufikia matokeo yaleyale.

Faili la namna hiyo lina faida nyingine: ni dogo. Picha ya diski inaweza kufikia makumi ya GB. Faili la maelekezo huwa ni kurasa chache za maandishi, linaloweza kutumwa kwa simu, kuchapwa kwenye karatasi, na kusomwa na fundi mwingine ambaye ataona kosa na kulisahihisha.

Bila shaka programu zenyewe bado zinahitaji kupakuliwa. Ubuntu 24.04, toleo litakalopata huduma za kawaida hadi mwaka 2029, lina takriban GB 6, na Linux Mint takriban GB 3. Kwa anayenunua bando, kupakua mara 20 ni anasa. Lakini Linux huruhusu kompyuta moja kuhifadhi vifurushi vyote na kuzigawia nyingine kwa waya au kwa flashi. Upakuaji wa mara moja Mbinga mjini unaweza kuhudumia kata nyingi, kuanzia milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay, wilayani Nyasa kwenye mwambao wa ziwa. Vitabu vya kiada ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka katika maktaba mtandao yake vinaweza kusafiri katika flashi hiyohiyo.

Waliotangulia na waliorudi nyuma

Dhana ya kuwa na mpangilio mmoja wa shule unaogawiwa kwa wote imekwisha kujaribiwa kwingine. Mwaka 2001 nchini Norway ulianzishwa mradi wa Skolelinux, ambao baadaye ulijiunga na Debian. Ulitengeneza mfumo ambao mwalimu akiuweka, seva ya shule, akaunti za wanafunzi na kompyuta za darasani huja zikiwa zimepangwa. Mwaka 2002 jimbo la Extremadura nchini Hispania lilitoa toleo lake la Linux kwa ajili ya shule na ofisi zake. Barani Afrika, shirika la SchoolNet Namibia, lililoanza mwaka 2000, lilitumia Linux katika shule, likipendelea seva moja yenye nguvu inayohudumia kompyuta dhaifu, ili matengenezo yafanyike mahali pamoja.

Upo pia mfano wa tahadhari. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia mwaka 2013 lilikuwa limezihamisha kompyuta zipatazo 15,000. Mwaka 2017 baraza la jiji likaamua kurudi Windows. Sababu zake zinabishaniwa hadi leo, baadhi wakitaja siasa na wengine wakitaja malalamiko ya watumishi. Lililo wazi ni kwamba mfumo wa kompyuta, hata ukiwa mzuri kiasi gani, hausimami pasipo uongozi unaoutaka na idara inayoutunza.

Hatari zilizopo

Wanaopinga njia hii wana hoja ambazo haifai kuzibeza. Ya kwanza ni ya ajira. Kijana anayemaliza shule huulizwa kama anajua Word na Excel. LibreOffice inafanana nazo kwa mengi, lakini barua iliyopangwa kwa Word inaweza kuvurugika kidogo ikifunguliwa humo, na kinyume chake. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mizani yake inabadilika. Mifumo mingi ya Serikali, kama FFARS wa fedha za vituo vya huduma na MUVU wa vyama vya ushirika, hufunguliwa kwa kivinjari, na kivinjari hakibagui Windows na Linux.

Hoja ya pili ni ya usalama. Faili la maelekezo huendeshwa kwa mamlaka yote ya kompyuta. Fundi anayelichukua mahali asipopajua na kuliendesha bila kulisoma ni sawa na mwenye nyumba aliyemkabidhi mgeni funguo zote. Hatari hiyo ipo vilevile kwa anayenunua Windows iliyonakiliwa kinyume cha sheria, jambo la kawaida mitaani. Tofauti ni kwamba faili la maandishi linasomeka, na anayelitoa anaweza kujulikana.

Hoja ya tatu inahusu siri. Anayenakili diski nzima bila uangalifu hunakili pia nywila, barua na majina ya wanafunzi yaliyokuwamo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, uzembe huo una tafsiri ya kisheria. Aidha, kompyuta zilizonakiliwa hubeba kitambulisho kimoja cha ndani na funguo zilezile za mawasiliano, hali inayoweza kuvuruga mtandao wa shule. Kwa hiyo diski husafishwa kabla ya kunakiliwa, na kila kompyuta hupewa jina na kitambulisho chake. Nywila haziandikwi kamwe katika faili linalogawiwa.

Nani atunze daftari

Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo si la kiufundi. Mpangilio ulioandikwa unahitaji mtunzaji. Matoleo hubadilika, printa mpya huja, na faili lisiloguswa kwa miaka mitatu halitafaa kitu. Kumwachia mwalimu mmoja mwenye kujitolea ni kurudi palepale tulipoanzia.

Mahali panapoelekea kufaa ni halmashauri ya wilaya, ambayo ina maofisa wa TEHAMA na inazifahamu shule na zahanati zake. Vyuo vikuu, kuanzia Dar es Salaam ulikozaliwa mradi wa Kilinux hadi Dodoma, vinaweza kutoa faili la msingi kwa nchi nzima. Halmashauri zikaongeza ya kwao: printa zinazotumika, vitabu vinavyohitajika, aina ya modemu inayoshika mtandao katika bonde fulani. Wanafunzi wa TEHAMA wanaokwenda mafunzo kwa vitendo wanaweza kupewa kazi ya kulijaribu faili hilo katika kompyuta halisi badala ya kukaa ofisini bila shughuli.

Hatua zinazohitajika hazidai bajeti kubwa. Kila zabuni au msaada wa kompyuta ungeweza kuwa na sharti kwamba anayezileta akabidhi pia mpangilio wake kwa maandishi, wenye tarehe na namba ya toleo. Hati ya makabidhiano ya mwalimu anayehama ingeweza kuwa na mstari mmoja unaouliza faili liko wapi na lilijaribiwa lini. Na kabla ya kupelekwa kwingine, mpangilio huo ungepaswa kujaribiwa na mtu ambaye hakuuandika, katika kompyuta tupu, bila kumpigia simu aliyeuandika. Akishindwa, basi faili halijakamilika.

Mradi wa mwaka 2004 ulithibitisha kuwa kompyuta inaweza kuzungumza Kiswahili. Wataalamu wake walichukua kazi ya watu wa mbali, wakaifanya ya hapa, wakairudisha kwa umma. Kazi ya kuandika mipangilio ni ndogo kuliko ile, na haihitaji mtaalamu wa lugha wala ruhusa ya kampuni yoyote. Inahitaji halmashauri moja iliyo tayari kuanza na shule mbili au tatu, kuandika kila inachofanya, na kuwapa majirani zake nakala.

Muda uliopo si mrefu. Mpango wa nyongeza wa Windows 10 kwa wateja binafsi uliwekwa hadi Oktoba 2026, na kompyuta nyingi ambazo Windows 11 imezikataa bado ni nzima. Zikipangwa vizuri zinaweza kufundishia darasa la Namswea kwa miaka mingine kadhaa. Zikiachwa zilivyo, zitaendelea kuhesabiwa katika leja ya mali kila mwaka, ilhali mlango wa chumba chake umefungwa na aliyekuwa na ufunguo amekwisha kuhamia wilaya nyingine.